Jicho Lililomkonyeza Mkwe

Ilianza chini ya jicho la kushoto, masika yakiwa yamechachamaa na cherehani yangu imefunikwa nailoni kwa sababu paa la kibanda huvuja. Kope la chini lilitetemeka kidogo, likatulia, likatetemeka tena. Halikuuma. Nilimwambia mume wangu, Baba Atieno, naye akauliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza.

"Ni ya juu ama ya chini?"

"Ya chini."

"Basi tutalia," akasema, akachukua simu.

Kwetu kope la juu likicheza utamwona mtu ambaye hujamwona siku nyingi. La chini likicheza, utamwaga machozi. Baba Atieno alimpigia ndugu yake aliye Awendo, akampigia dada yangu Karungu nilikozaliwa, akampigia shangazi yake mkongwe ambaye alimwuliza kwa ukali kama anamwombea kifo. Wote walikuwa wazima. Lakini katika ukoo mkubwa kama wetu ukingoja kidogo mtu hufa, na kabla masika hayajaisha binamu wa mume wangu alianguka shambani asiamke. Tulienda tukalia, tukamzika, na watu wakanitazama kwa heshima mpya. Jicho halikuacha. Tulisema labda kuna mwingine njiani.

Naandika kwa ajili ya yule ambaye kope lake limeanza leo na watu wake wanahesabu wagonjwa wa ukoo. Mimi ni fundi wa nguo hapa Rongo, nashona sare za shule, na mambo ya ndani ya mishipa nawaachia wenyewe. Nitakuambia tu nilikopita, na jinsi uso wangu nusura uvunje ndoa ya binti yangu.

Tulipofika kuvuna mahindi, ule mtetemo ulikuwa umeshuka shavuni na kushika pembe ya mdomo. Umeona kamba ya kaptula inapovutwa, kitambaa chote kikakimbilia upande mmoja? Ndivyo uso wangu ulivyofanya. Jicho lilijifunga, shavu likapanda, mdomo ukaenda juu kama wa mtu anayetabasamu kwa siri. Kisha ukaachia. Kisha tena. Kadiri nilivyojaribu kuuzuia ndivyo ulivyozidi, na ulizidi zaidi nikichoka, nikikasirika au nikizungumza na mgeni. Na fundi kazi yake ni wageni.

Mwalimu mkuu mmoja alikuja kuagiza sare. Kesho yake akarudi akiwa amevaa tai na kunukia, ana soda mbili baridi mkononi, akauliza kama huwa nafunga kazi saa ngapi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Baba Atieno, aliposikia, hakucheka. Akaanza kuja kushinda kibandani kwangu akisema shamba lake la miwa halina kazi wiki hiyo. Miwa yenyewe ilikuwa imezama ndani ya magugu, kila mpita njia aliiona. Alikaa kwenye benchi la wateja, akiangalia ni nani anaingia na uso wangu unafanya nini akiingia. Miaka yote ile ya ndoa hakuwahi kunichunga. Niliumia, na sikumwambia.

Ndipo walipokuja watu wa Mbita.

Atieno, mtoto wetu wa kwanza, anafundisha chekechea huko Mbita, na huko alimpata Ochieng, kijana anayetengeneza injini za mashua. Ochieng alikuja kujitambulisha baada ya mavuno, na marafiki zake na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Shangazi kama huyo sisi tunamwita waya, na neno lake katika mambo ya ndoa ni zito. Jina lake Waya Rispa, mwanamke mrefu, mkimya, asiyeachia mkoba wake.

Msomaji wa mbali aelewe jambo moja. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake ni watu wa kuogopana. Hawakai kiti kimoja, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Heshima hiyo ikivunjwa, wazee husema chira huingia, ule mkosi unaomkondesha mtu mpaka kaburini na ukimkosa yeye humla mtoto wake. Ochieng alilelewa vizuri. Tangu aingie alitazama sakafu. Nami niliingia kusalimia kutoka mlangoni, mbali, kama inavyotakiwa. Wakati huo huo Baba Atieno akamwuliza yeye ni mjukuu wa nani, na kijana akainua kichwa kujibu.

Nilihisi mtetemo ukija. Nilibana meno, na ukaja kwa nguvu zaidi. Jicho likajifunga polepole, mdomo ukapanda, nikiwa namtazama mkwe wangu uso kwa uso mbele ya watu wote. Akainamisha kichwa haraka. Ukaja tena.

Waya Rispa alikuwa ameona mara zote mbili. Alipoletewa maji ya kunawa alirudisha mikono mapajani.

"Tumeshiba njiani," akasema.

Nilikuwa nimechinja kuku wawili. Nilikuwa nimepika samaki wa mgongo mpana kutoka Karungu. Mgeni wa ndoa akiacha kuku wa watu mezani, ameacha na binti yao. Sufuria zilirudi jikoni zimejaa, nami nikasimama katikati yake bila kujua nizifunike au nizimwage.

Baada ya siku chache Atieno alipiga simu. Sherehe ya ayie, ambayo watu wa mwanamume huja kwa mama wa msichana naye anasema amekubali, ilikuwa imesimamishwa.

"Mama, huku wanasema ulimkonyeza. Waya anasema Ochieng hakanyagi huko mpaka wajue unataka nini na yeye."

"Na wewe unasema nini?"

Akashusha sauti. Kisha akaniambia neno ambalo hakuwa amemwambia mtu mwingine nyumbani: ana mimba. Watu wa Ochieng wanajua, na wameanza kumwambia kwamba chira itakula mtoto. Nilikata simu nikahesabu miezi kwa vidole. Mtoto angezaliwa wakati wa masika yajayo, na kama uso wangu haungetulia kabla ya hapo angezaliwa bila kwao.

Sasa nikaanza kutafuta dawa kama mtu aliyeunguliwa na nyumba. Zahanati walinipa matone ya macho, wakasema ni vumbi la kitambaa. Daktari wa meno alisema ni gego, akaling'oa. Gego lilikuwa zima, na hadi leo nalikumbuka nikila mahindi ya kuchoma. Kanisani wazee walinizunguka wakaniwekea mikono, nami namshukuru Mungu kwa upendo wao, lakini uso ulicheza katikati ya maombi mpaka mzee mmoja akafungua jicho lake kuhakikisha. Jirani alinishauri dawa ya majani. Ilinibabua shavu, shavu likaendelea kucheza likiwa jekundu.

Hospitalini Migori niliijua ile foleni ya kukaa, ambapo mwenzako akiitwa nyote mnajisogeza tako moja moja kwenye benchi. Mke mmoja aliyekaa mbele yangu na mumewe alinitazama, akamtazama mumewe, kisha wakabadilishana nafasi. Nilitaka kumwambia, mama, mdomo wangu mwenyewe siwezi kuuzuia usicheke, nitamtaka mumeo wa nini? Nikajisogeza tako moja. Nilinunua miwani nyeusi. Watu wakasema Min Atieno, yaani mama Atieno, ameanza maringo.

Pale Migori walidhani ni dalili ya kiharusi, wakapima presha. Halafu nikapewa vidonge. Vilipunguza kidogo, lakini vilinilaza kama mtoto mchanga. Nilisinzia na pasi mkononi nikaunguza sketi ya mtoto wa watu. Nilishona mfuko wa shati mdomo ukiangalia chini. Mvua za vuli zilikuja, na kila Atieno aliponipigia nilimsikia anavyopumua kwa shida zaidi.

Rehema ya kwanza ilikuja siku ya Sabato, baada ya chakula cha mchana, nikiwa nimelala kwenye kiti kirefu. Nilipofungua macho nilimkuta Baba Atieno amepiga magoti mbele yangu, miwani yake ya kusomea puani, anatazama uso wangu kama anayesoma maandishi madogo.

"Unatafuta nini?"

"Nyar Karungu," akasema taratibu, akiniita binti wa Karungu kama alivyokuwa akiniita zamani, "hii jicho inafanya hata umelala."

"Nitajuaje na nimelala?"

"Mimi nimejua. Nimekaa hapa nikiiangalia. Inakonyeza, inaacha, inakonyeza." Akavua miwani. "Mtu hawezi kukonyeza mtu akiwa usingizini. Nilikufikiria vibaya, mama."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, nimeyalimbikiza tangu siku ya zile soda. Nikatoa moja tu.

"Na miwa?" nikamwuliza.

"Kesho napalilia," akasema, na akapalilia kweli.

Tangu siku hiyo hakuniacha niende hospitali peke yangu. Tulisikia kwamba daktari wa mishipa ya fahamu huja Homa Bay mara moja kwa mwezi, tukaenda kumngoja kuanzia asubuhi mpaka jua likageuka upande wa ziwa. Nilipoingia, kabla sijakaa, Baba Atieno alikuwa ameshamweleza habari ya usingizi. Daktari akasema, "Hapo mzee umenisaidia." Alinitazama muda mrefu bila kuongea, ananifanya nifumbe macho, nitabasamu, nipulize mashavu. Alitutuma Kisumu nikapigwe picha ya kichwa, ndani ya ile mashine inayogonga kama mafundi wa mabati. Tuliporudi na picha alitueleza kwa maneno ambayo hata mimi niliyashika.

"Mama, hii si stroke. Hujakosea mtu. Kuna mshipa wa damu hapa nyuma ya sikio umelalia mshipa wa uso, ndio maana unashtuka shtuka."

Alisema kuna upasuaji wa kuutenganisha, Nairobi, nao una hatari zake. Na kuna sindano, ile dawa matajiri wanayodungwa kuondoa makunyanzi, ambayo hulegeza misuli lakini haikai. Inashika kama miezi mitatu, kisha unadungwa tena. Nikachagua sindano. Mimi sikutaka kufunguliwa kichwa binti yangu akiwa na mimba na mambo yamesimama.

Alinidunga kuzunguka jicho na shavuni, vichomo vidogo kama vya siafu. Usitarajie kutoka pale umepona. Nilirudi Rongo uso ukicheza vile vile, nikalala nikilaumu. Siku zikapita. Kisha asubuhi moja nilikuwa natunga uzi kwenye sindano ya cherehani na uzi ukaingia mara ya kwanza. Nikangoja. Uso haukusogea. Niliketi pale na uzi mkononi nikalia, na mteja aliyeingia akadhani nimefiwa. Upande ule ulilegea kidogo, mchuzi ulikuwa ukinitoka pembeni ya mdomo, sikujali.

Nilimpigia Atieno siku hiyo hiyo. Mazungumzo yakaenda na kurudi kati ya Rongo na Mbita, na mwisho wakakubali shingo upande: ayie itakuwa mwisho wa Januari. Nilihesabu. Dawa ingekuwa bado ina nguvu.

Wiki ya ayie, baba mdogo wa Ochieng akafariki.

Huwezi kupeleka mambo ya ndoa mwili ukiwa mochari. Hilo kila mtu analijua, nami nilikuwa wa kwanza kusema pole. Lakini maziko yalingoja watoto wake watoke Nairobi. Baada ya maziko kulikuwa na matanga. Baada ya matanga, mkubwa mmoja wa ukoo alikuwa amesafiri na bila yeye hawawezi kukaa. Februari ikaisha hivyo. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo nikivuta pumzi, nikingoja kope la chini. Nilimwomba Mungu anisamehe, maana watu walikuwa wakimlilia mtu wao nami nilikuwa nikilia juu ya tarehe. Nilimpigia muuguzi wa Homa Bay nikauliza kama naweza kudungwa mapema. Daktari akakataa, akasema ukiharakisha, mwili unaweza kuizoea dawa, nayo ikaacha kufanya kazi.

Walipopanga siku mpya, Jumapili moja mwezi wa tatu, watu walikuwa wanapanda mahindi. Wiki hiyo hiyo kope likatetemeka. Kufikia Jumatano jicho lilikuwa linajifunga, na Alhamisi mdomo ukaanza kupanda.

"Mama, si ujifungie tu jikoni?" Atieno alisema kwenye simu. Alikuwa analia. "Tuseme uko mgonjwa. Ama please vaa ile miwani."

"Ayie ya mama ambaye hayupo itaitwa nini?"

"Sijui. Mimi sijui tena."

Mficha maradhi kilio humfichua, nilijua hivyo, lakini pia nilijua kuku wangu watarudi tena jikoni wazima. Usiku wa siku hiyo nilishona magauni ya Jumapili mpaka kukakaribia kucha. Ijumaa mchana mwili ukagoma. Nilijilaza kwenye kile kiti kirefu, mlango wazi, nikasema nitafunga macho kidogo tu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Baba Atieno. Alikuwa uani akinoa jembe alipomwona Waya Rispa anaingia langoni, peke yake, mkoba kwapani. Hakuwa ametangaza. Alikuwa amekuja kuniona kwa macho yake kabla hajamleta kijana wao. Siku nyingine yoyote mume wangu angeniita kwa sauti nije nipokee mgeni. Siku hiyo aliweka kidole mdomoni, akachukua kigoda, akakiweka mbele yangu.

"Usimwamshe, Waya," akamwambia. "Mwangalie kwanza."

Nilipofungua macho, uso wa mwanamke yule ulikuwa mbele yangu, kidevu kiganjani. Pembeni yake kikombe cha chai kilikuwa kimefunga utando. Mdomo wangu ulikuwa wazi na mate yamelowesha mto. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Niliketi nikavuta leso.

"Hata maiti hufunikwa uso," nikasema.

Hakutikisika. "Nimekaa hapa mpaka chai imepoa," akasema. "Umekonyeza ukuta. Kuku ameingia, ukamkonyeza. Mimi mwenyewe umenikonyeza, na sijui unataka nini kwangu."

Mlangoni Baba Atieno akakohoa. Sikuthubutu kumtazama. Uso wangu, kwa kuwa nilikuwa na hofu, ukavutwa wote mpaka sikioni, na Waya Rispa akaufuata kwa macho mpaka ukaachia.

"Inauma?"

Hakuna mtu wa Mbita aliyekuwa ameniuliza hivyo.

"Haiumi. Inachosha."

Akatikisa kichwa, akachukua chai yake baridi akainywa yote. "Mimi nimezika watu wa chira," akasema. "Chira haikonyezi kuku."

Jumapili niliketi mahali pa mama, bila miwani. Uso ulicheza mchana kutwa, labda kuliko siku yoyote, kwa maana nilikuwa nimechoka na nina furaha, na kwangu vyote viwili huuamsha. Kabla ya chakula Waya Rispa alisimama, akashika mkoba wake kifuani. Alisema mama huyu ana ugonjwa, uso wake hujiendesha wenyewe, naye amekaa akauona kwa macho yake. "Mtu akiona amekonyezwa hapa leo," akamaliza, "ajue yeye na kuku ni sawa." Watu wakacheka, marafiki wa Ochieng zaidi ya wote. Ochieng hakuinua macho kutoka sakafuni, kama inavyotakiwa. Lakini alikula. Nilikubali, kwa sauti, mbele ya wote. Baadaye jikoni sahani zilirudi na mifupa mitupu, nikaziangalia moja moja kabla sijaruhusu zioshwe.

Basi wewe ambaye umeanza. Usikubali kung'olewa jino zima. Usikae na matone ya macho mwaka mzima. Omba upelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu, hata kama ni mbali, hata kama unamngoja mpaka jioni. Mwambie mtu wa nyumbani akuangalie ukiwa umelala, kisha nenda naye akaeleze. Na ukipewa sindano, ujue siku yake ya kuisha kabla hujapanga sherehe, kwa sababu maziko ya kwetu hayana kalenda. Mimi sijapona. Nadungwa, napumzika, inarudi, nangoja. Kuugua si kufa.

Mtoto alizaliwa mvua ikinyesha, kwa hiyo akaitwa Akoth. Atieno humleta Rongo mara kwa mara, na tangu alipoanza kutambua sura, Akoth ana mchezo wake. Hunikazia macho bila kupepesa, na uso wangu ukivutwa hucheka mpaka anapaliwa na mate. Kati ya watu wote walionikuta na jicho hili, ni yeye peke yake aliyelipokea kama zawadi.

Mwezi uliopita nilidungwa tena Homa Bay. Dawa ilipokolea, Atieno alikuja, akaniwekea mtoto mapajani. Akoth akanikazia macho akangoja. Uso ulikuwa umetulia kabisa. Akangoja, mdomo wake ukaanza kupinda kwa kilio. Nikamsogeza karibu, nikafumba jicho la kulia, lile ambalo halijawahi kuugua, nikamkonyeza mwenyewe.